Shingo ya Kufuli

Wiki tatu nililea swali moja,
nikalifua, nikalianika, nikalipiga pasi,
nikalala nalo Mikindani ndani ya neti
hadi likawa halina kunyanzi.
Profesa Sundaravadivel anakuja Tudor!
Jina refu kama garimoshi la mizigo
likipita Changamwe, mabehewa hayaishi,
na Daktari Mwachiro, mkuu wa kitivo,
alilifanyia mazoezi chooni. Tulimsikia.

Akaja mzee mfupi, raba nyeupe,
kalamu mbili mfukoni, moja imevuja.
Ukumbi ulijaa hadi madirishani.
Slaidi ya kwanza. Ya pili.
Ya tatu, stima ikapotea.
Feni zikaendelea kidogo kwa mazoea, kisha zikakata tamaa.
Jenereta? Dizeli iliisha Alhamisi.
Mkuu wa kitivo akatoa leso
akajifuta hata pasipo jasho.

Mgeni akauliza: "Nani ana kamba?"

Kamba ikatoka kwenye boksi la vitabu.
Kufuli likatoka mlangoni mwa maabara,
lile kubwa la Nzaro, fundi wetu,
ambaye hakupenda, lakini angesemaje?
"Wewe," kidole chenye wino kikanielekea, "utapima."

Mita moja kamili. Mara ishirini, kwenda na kurudi.
Saa ya simu yangu, na ukumbi mzima ukihesabu
kama watoto wa chekechea, kumi na nane, kumi na tisa,
hata Mwachiro, leso mkononi.
Sekunde arubaini na moja nukta nne.
Nikapiga hesabu ubaoni, mgongo wangu ukijua
macho mia mbili yametua wapi.

Tisa nukta mbili.

Tisa nukta mbili!
Dunia huvuta kwa tisa nukta nane,
mtoto wa sekondari anajua,
na mimi hapa, mbele ya mgeni,
nimeipunguzia dunia nguvu.
Kifutio kilikuwa karibu. Mkono ulikuwa mwepesi,
mkono wa shule zetu, uliozoea kupika jibu
kisha kurudi nyuma kutafuta kuni.

Akakifunika kifutio kwa kiganja.
"Uliona ngapi?"
"Arubaini na moja nukta nne."
"Basi iache."
Hakuongeza neno. Ubao ukabaki na aibu yangu
kwa mwandiko mkubwa.

Kwenye ngazi, akishuka ameshika reli,
nikalitoa swali langu, pasi yake yote.
Alisimama. Alihema. Alimtazama paka
aliyelala daraja la tatu kama mwenye nyumba.
"Sijui," akasema. "Mwaka wa themanini na moja nilijua."

Miaka saba ya chuo
sikuwahi kumsikia profesa akilitoa neno hilo
bila kulivalisha koti.
Kisha akauliza viazi karai vinauzwa wapi.
Alikula sita, kwa ukwaju,
shati likapata doa la pili.

Saa nane usiku nikaketi wima kitandani.
Shingo!
Kamba tuliipima hadi shingoni mwa kufuli,
na uzito wake uko tumboni.
Sentimita sita, zote chuma, tulizisahau.
Nikawasha tochi, nikarudia hesabu
nyuma ya risiti ya tokeni za stima:
tisa nukta nane, mbichi, haijapikwa.
Nilicheka hadi mama akagonga ukuta
akiuliza nimeota nini.

Asubuhi ndege yake ilikuwa imeshaondoka.
Je, aliliona kosa palepale
akaniachia niende nalo nyumbani,
au naye aliitazama shingo tu, kama sisi?
Nimejaribu mara nne kumwandikia.
Sijui.

Na Nzaro mpaka leo ananinunia:
"Mwalimu Rukiya, hilo fundo lako gani hili?"
Limekataa kufunguka, kisu kimeshindwa,
na kila jioni maabara yetu inafungwa
kwa kufuli lenye mkia.